Mdogo wangu aliomba ukimbizi ng'ambo akisema mimi ndio nilimuua baba

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana hapa Lurambi, Kakamega, watu wananijua hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, bibi mmoja, watoto watatu. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkipata makosa chekeni tu. Nauzanga kuku. Nanunua kwa wamama soko ya Mautuma, nazileta mjini kwa pikipiki, na mteja akinunua moja lazima nimchekeshe ndio arudi. Mimi si mtu wa hasira. Lakini saa hii kuna kitu imenikaa kifuani na imekataa kushuka.

Niko na mdogo wangu, tumwite Boni. Huyo ndiye alisomeshwa. Mwaka jana yeye na wenzake walialikwa mkutano wa kanisa ng'ambo, nchi moja ya baridi. Kufika uwanja wa ndege, wenzake wakaenda kungoja mabegi, yeye akaenda kwa askari akawaambia, "Naomba mnifiche, nikirudi kwetu nitauawa." Wakamwacha akae huko akingoja kesi yake isikizwe. Haya ya askari nimeyajua juzi tu, sisi alituambia amepata kazi. Mama alishukuru kanisani mpaka akalia, na mimi nikachinja jogoo niliyokuwa nimeahidi mteja.

Wiki mbili zimepita akanipigia, anacheka cheka.

"Brathe, kuna kitu kadogo unisaidie."

"Sema. Kama ni kuku, kwanza ukuje uishike mwenyewe."

"Hapana. Jirekodi sauti kwa Kiluhya unitishe. Sema nikikanyaga Kakamega utanimaliza. Kesi yangu ya kubaki huku inakuja, wakili anataka kuonyesha hatari bado iko."

"Sasa nikutishe mimi kwa nini?"

Akaacha kucheka. "Kwa sababu kwa maelezo yangu, yule mtu ni wewe."

Nikamwambia anitumie hiyo maelezo yote ndio nijue vile nitaongea. Akatuma. Nafikiri alijua ni Kiingereza sitasoma. Bibi yangu alimaliza form four, akanisomea tukiwa jikoni. Akafika mahali akaacha. Nikamwambia endelea. Imeandikwa mimi ni mkubwa wa genge ya ukoo. Imeandikwa nilimpiga baba rungu ya kichwa sababu ya shamba, akakufa, na sasa namtafuta yeye. Ushahidi ni video.

Hiyo video ni ya matanga ya baba. Wenzetu wa huku mnajua mzee akikufa wanaume tunafanyanga nini. Tunafukuza ng'ombe, tunajifunga majani kichwani, tunashika rungu, ngoma ya isukuti inapigwa, tunakimbia tukipiga kelele tufukuze kifo itoke kwa boma. Niko hapo mbele, kifua wazi, nalia baba yangu. Boni amekata hiyo sehemu akaonyesha wazungu kwamba hao ni wauaji wanamtafuta. Ile sehemu yenye yeye mwenyewe ameshika kamba ya fahali akilia kuliko mimi, hiyo ametoa.

Na baba alikufa na sukari. Mimi ndio nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, mvua ikinyesha, akiniambia polepole mwanangu, usianguke. Boni alikuwa chuo. Alikuja kwa mazishi.

Nikampigia.

"Wacha kukasirika," akasema. "Ni karatasi tu. Huku hakuna mtu anakujua."

"Na baba?"

"Baba alishaenda, itamfanya nini?"

Nikafungua mdomo nimwambie vile nitamvunja siku nitamshika. Bibi akaniwekea mkono kwa mdomo, akaninong'oneza, "Hiyo ndiyo sauti anatafuta." Admin, hapo ndio nilielewa huyu mtoto amenifunga pande zote. Nikimtusi, nimemsaidia.

Basi nikacheka. Nikamwambia sawa ndugu yangu, nipe siku chache nitafute sauti ya ujambazi. Akashukuru sana.

Kesho yake nikaenda kwa mama na simu, nikaiweka irekodi. "Mama, msalimie Boni." Mama akajipanguza mikono, akaongea kwa furaha yote. "Boni mwanangu, rudi nyumbani. Ndugu yako amekuezekea nyumba, mabati mpya. Anauliza habari yako kila siku. Tangu baba yenu aende na ile sukari, yeye ndiye ananishikilia. Ingokho yako, kuku ya kukupokea, iko hapa imenona, tunakungoja."

Hiyo sauti ninayo. Video yote pia ninayo. Na juu ya ile karatasi kuna anwani ya ofisi yenye inasikiza kesi, na namba ya faili yake. Kesi ni Jumatatu.

Nataka arudishwe. Nataka ashuke hapa Lurambi na begi yake mbele ya watu wote, nimpokee na isukuti, tuketi pamoja tuangalie ile video mpaka mwisho. Nikifikiria hiyo siku nalala vizuri. Kwa hivyo msiniambie nisamehe, pasta ameshajaribu.

Shida ni moja. Video peke yake Boni ataizunguka, yeye ni msomi. Sauti ya mama hawezi kuizunguka. Lakini nikituma hiyo, mama ndiye atakuwa amemrudisha mtoto wake na mdomo wake mwenyewe, na akifika atataka kujua ni nani alimrudisha. Mimi mama sijawahi kumdanganya.

Wenye mmewahi kukosewa na damu yenu, niambieni. Nitume sauti ya mama, ama nitume video peke yake nibahatishe?