Siku Nilipomkana Baba Mbele ya Wageni

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia kijana anawaonea haya wazazi wake. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nina gauni jipya na maneno mengi. Ni ile miaka wafanyabiashara binafsi walipoanza kuja kwetu Umatengo kununua kahawa, na mji wa Mbinga ukajaa maduka na vilabu. Kila mwenye ukuta alitaka uchorwe. Fundi Otmari, mchoraji wetu, hakupata nafasi hata ya kunywa maji.

Jumamosi moja padri akaniomba niwazungushe wageni wa parokia, vijana kutoka Songea, waione michoro hiyo. Nikawatembeza kwa mbwembwe. Niliwaonyesha vichwa sita vilivyochorwa kwenye banda la kinyozi, na samaki wa ziwani kwenye ukuta wa hoteli, mbasa mnene kuliko mpishi mwenyewe. Wakacheka, nami nikavimba kichwa.

Ila kulikuwa na ukuta mmoja niliokuwa nikiukwepa tangu asubuhi, wa kilabu cha pombe karibu na soko. Pale palichorwa mwanamume amelala chakari, amekumbatia gunia tupu la kahawa, na mbuzi anamtafunia kofia. Mwanamume yule alikuwa baba yangu. Yalimkuta kweli, kabla hajaacha pombe, na Otmari aliyaona kwa macho yake. Tangu hapo kijijini kwetu Matiri watu walikuwa wananisalimu kwa kuulizia hali ya mbuzi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini umri ule nani anasikiliza wahenga? Wageni wakauona ukuta kwa mbali, wakaukimbilia. Msichana mmoja akaniuliza, "Dada, huyu ni nani?"

"Simjui," nikasema. "Mtu wa kutungwa tu."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi kile nilikijua tangu utotoni. Baba alikuwa amedandia lori la kahawa kutoka Matiri, amevaa shati lake la misa, aje kumwona binti yake anavyoongoza wageni. Alikuwa ametufuata muda wote, na alikuwa amesikia. Niliogopa kwamba akigeuka na kuondoka kimya, nimempoteza.

Wageni wakamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu." Akaugusa ukuta. "Huyo ni mimi. Mbuzi nilimlaumu sana, kumbe hakuwa na kosa. Na huyu anayewatembeza ni binti yangu, Winfrida."

Wakacheka, naye akacheka nao, wakampa mkono mmoja mmoja. Mimi machozi yalinitoka, lakini moyo ulitua. Jambo nililolionea haya miaka yote lilikuwa limesemwa mchana kweupe, na hakuna aliyekufa.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Otmari alitaka kuifuta picha ile, nikamkataza. Nikishikwa na kiu napita pale, naitazama, narudi kwa mama yako. Hainiaibishi. Aibu nimeiona leo, mwanangu aliposema hanijui."

Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akaniinua. "Petro alikana mara tatu," akasema. "Wewe umekana mara moja. Basi tuishie hapo." Ndivyo alivyokuwa baba, hata kukukanya alikukanya kwa utani.

Mwanangu, hakuna ukoo usio na doa, na mkataa kwao ni mtumwa. Mzazi aliyeanguka akainuka amefanya kazi kubwa, usimwongezee mzigo wa kukanwa na damu yake. Akikukosea, mwambie nyumbani, tena kwa adabu. Mbele za watu simama upande wake. Mimi nilipona kwa sababu baba aliwahi kuniita wake nilipokuwa nimeshamkataa, na si kila mtoto hupata bahati hiyo.

Mungu akujalie wazazi wenye kusamehe. Akupe na ulimi mwepesi wa kusema "huyu ni wangu" wangali hai wakusikie. Amina.