Saa ya Kiingereza Kule Kambini

Mwaka jana nilirudi Kolwezi kwa ubatizo wa mjukuu wangu. Tukiwa njiani kwenda kanisani tulipita nyuma ya shule, na dirishani zikatoka sauti za watoto wakirudia Kiingereza kwa pamoja. Nilisimama. Binti yangu alidhani miguu imenishinda, akataka kuniombea kiti. Nikamwambia aniache kidogo, nasikiliza.

Sisi tulikisoma miaka ya mwisho ya utawala wa Wabeleji, katika shule ya misheni pembeni ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Asubuhi king'ora kililia, baba akatoka na kofia yake ya chuma, mama akasonga bukari, ugali wetu, nami nikafagia uwanja huku vumbi jekundu likiniingia puani. Shuleni Kifaransa kilikuwa lugha ya mtihani na ya fimbo. Kiingereza kilikuja Ijumaa tu, baada ya chakula, wala hakikuwa na mtihani. Monitere wetu, ndivyo tulivyowaita walimu weusi, alikuwa amekisomea ng'ambo ya mpaka, Rodesia.

Hakuandika neno ubaoni mpaka midomo yetu ilizoee. Alileta vitu vya nyumbani kwake: sufuria, ufagio, mchi. Anainua, anataja, tunataja. Kisha anakutuma mlangoni, useme unafungua mlango huku unaufungua kweli. Ukisema na mikono imelala, anakurudisha. "Mudomo na mukono biende pamoja," alituambia. Lililotushinda ni kwamba Kiingereza kina neno la mwanamume na neno la mwanamke, wakati kwetu baba ni yeye na mama ni yeye. Kwa majuma mengi vinywa vyetu vilimfanya mke wa mchungaji kuwa mwanamume, na monitere alicheka hadi akavua miwani.

Katikati ya mwaka aliingia msichana kutoka jimbo la Kasai, ambaye baba yake alikuwa ameletwa kufanya kazi mgodini. Aliwekwa kwenye benchi langu. Kiswahili chetu alikisema kwa ulimi wa kwao: simba akawa shimba, na bukari aliiita nshima. Darasa zima likamwiga, hasa mvulana mmoja wa benchi la mbele. Basi akanyamaza. Miezi ikapita akijibu kwa kichwa tu.

"Ule mutoto ni bubu?" mama aliniuliza siku moja.

"Hapana, mama. Banamuchekaka."

Ijumaa moja monitere akaleta kitambaa cha meza na sahani, akasema leo tutajifunza kupokea wageni. Akamchagua msichana wa Kasai awe mwenye nyumba. Mimi na yule mvulana wa benchi la mbele tulitolewa nje, tuwe wageni. Tukabisha. Mlango haukufunguka. Tukabisha tena. Jua lilikuwa kali, na nilianza kuona aibu kwa niaba yake. Ndipo nikamsikia monitere akisema kwa Kiswahili, jambo asilolifanya kamwe saa ile, "Mama, bageni beko inje. Utabaacha ku jua?"

Mlango ukafunguliwa. Akatukaribisha kwa Kiingereza, sauti ndogo lakini nzima, akatuonyesha viti, akauliza tutakula nini. Mvulana alitaka kuomba kuku. Maneno yakamponyoka, akatangaza kwamba yeye mwenyewe ni kuku. Msichana alimtazama kwa utulivu, kama mama mwenye adabu zake, akamjibu polepole, kwa Kiingereza kilekile, "Pole sana. Leo tunakula samaki."

Darasa lilianguka kwa kicheko, mvulana naye akacheka mpaka akashika meza. Nami kwa mara ya kwanza nikamsikia jirani yangu wa benchi akicheka. Tangu siku ile alianza kusema, kwanza Kiingereza, kisha Kiswahili, na tukawa tunarudi nyumbani pamoja tukitaja kila tulichokiona njiani.

Uhuru ulipokaribia, maneno ya kambini yalibadilika. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kusema kwamba watu wa Kasai wamekula kazi zetu, warudi kwao. Mama wa rafiki yangu akaacha kuja kuchota maji wakati wetu. Mwishowe baba yake akafunga mizigo, na mama yangu nami tukawasindikiza mpaka gare, kituo cha treni. Palijaa familia zilizokalia mabunda, cherehani, kuku kwenye vikapu.

"Baba anasema tunarudia kwetu," rafiki yangu aliniambia. "Mi sijue mutu kule."

Mama yangu alimshika mkono, asiuachie. "Sasa unasema sawa sisi kabisa," alimwambia, "na banakufukuza."

Treni ilipoondoka sikumwona dirishani. Watu walikuwa wengi mno. Sikupata tena habari zake. Monitere alirudi ng'ambo, na Ijumaa ikapewa Kifaransa. Mahali pa darasa letu leo pana uzio, na nyuma yake malori yanapandisha udongo kutoka shimoni.

Kiingereza kilinilisha baadaye. Nilikuwa mkalimani wa wafanyabiashara miaka mingi, na bado nakisema vizuri. Lakini sijaingia tena katika chumba kama kile, ambamo lugha haikuwa ya mama wa mtu yeyote, na hivyo sote tulikosea pamoja.