Siku Nyanya Aliposhika Pindo la Rinda

Miaka ya sabini, sokoni Matiliku, mchuuzi mmoja wa mbuzi kutoka kaskazini aligombana na nyanya yangu, nami nimesimama kando yake, juu ya beberu aliyekonda, akamwita mbwa. Kwao hilo ni tusi zito. Nyanya alicheka. Mbwa wetu alilinda boma na kula ugali wetu, sasa tusi liko wapi?

Akaamua kumjibu kwa tusi la kwetu, lisilohitaji maneno. Alimpa mgongo, akainama, akashika pindo la rinda. Kwetu, mwanamke wa umri wa mama yako akikuonyesha makalio, umelaaniwa.

Wanaume wetu wakatimua mbio, wakikanyaga maembe ya watu. Mchuuzi alibaki pale pale, akaniuliza, “Dada, kwani kuna nyoka?”

Mabwege wale! Kila jioni kwenye pombe walisifu makalio ya wanawake mpaka mate yakawatoka, na leo wanakimbia ambayo hata hawajayaona.

Tena kila siku ya soko nyanya alivaa kaptula ya babu chini ya rinda. Babu alijua hivyo. Na ndiye aliyeongoza mbio.