Drama za Kikorea zilinitoa meza kuu zikanipeleka jikoni

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wakubwa, shikamooni.

Humu huwa napita, nasoma, nacheka, naondoka. Leo acha na mimi niweke langu. Kisa chenyewe kilitokea Gongoni, kule kunakovunwa chumvi, lakini changu sitakitia hata punje. Nilichobadilisha ni majina tu, maana wenyewe bado tunasalimiana.

Kazi yangu ni video za harusi. Niko Malindi, nafanya na mwenzangu ambaye nitamwita Charo. Tukiitwa mahari tunakwenda, graduation tunakwenda, mazishi pia. Ukituona tumebeba stendi za kamera, ujue kuna mahali watu watatoa machozi, ya furaha au ya msiba.

Sasa mimi na Wakorea tulikutana vipi?

Niliteleza na pikipiki njia ya Magarini, mguu ukavunjika. Nikafungwa plasta, nikawa mtu wa kochi. Mke wangu, Sidi, alikuwa na flash imejaa drama za Kikorea, na remote ilikuwa yake. Siku za mwanzo nilikuwa nageuza uso ukutani. Wanaume wamepaka poda, mtu akikaribishwa chakula utadhani anafukuzwa, maandishi ya chini yanapita mbio. Nikamwambia Sidi haya ni mambo ya wasichana wa shule.

Akaongeza sauti ya TV. Alijua siwezi kutembea.

Kilichonishika ni scene moja ndogo. Dada wawili wako hospitali, mama yao amelazwa. Mkubwa anaitwa na daktari ndani, mdogo anabaki nje ya kioo. Sisi watazamaji tunabaki nje na huyo mdogo. Daktari hatumsikii, tunaona mgongo wa dada tu. Kisha dada anatoka, anamwendea mdogo wake, anaanza kumfunga vifungo vya koti. Kimoja, kingine, mpaka kile cha shingoni. Hasemi kitu.

Mimi nimezoea tamthilia zile mlango ukifunguliwa kamera inarukia uso wa kila mtu mara tatu, na ngoma nyuma inapiga dum dum dum. Hapa hakukuwa na muziki kabisa. Nilijua mama amekufa kwa sababu ya vifungo vya koti.

Nikamuuliza Sidi kama kuna nyingine.

Wakuu, tulizitazama. Alasiri akitoka sokoni anaweka chai, tunaanza. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kamera, nikaanza kutazama kama fundi anavyokagua nyumba ya fundi mwenzake.

Kwanza hawa watu wanajua hadithi yao inaishia wapi. Ukiona mwandishi ameweka jambo mwanzoni, usidhani amejaza nafasi. Episode kumi na sita, hadithi imefika, kwaherini. Hawakufanyi mtumwa wa miaka.

Pili, hakuna mtu bure. Hata mwenye duka la pembeni ana mke anayemsumbua na goti linalomuuma. Na mbaya wao huwa hawamtupi hivi hivi. Unamchukia wiki nzima, halafu mwandishi anakufungulia mlango wa nyumbani kwake, unamwona anakula peke yake, unabaki huna pa kuipeleka chuki yako.

Lakini kubwa kwangu ilikuwa kamera. Mtu akisema neno zito, mara nyingi hawamwonyeshi anayesema. Wanamwonyesha anayeambiwa. Halafu wanasubiri. Mimi miaka yote nilikuwa namfukuza mwenye maikrofoni.

Siwasifu kwa upofu. Zile lori zinazotokea pasipojulikana na kugonga watu zimezidi. Kupoteza kumbukumbu pia. Huwezi kuniambia kila mtoto wa tajiri amewahi kusahau jina lake. Mvua inanyesha tu pale wapenzi wanapogombana, na katikati ya hadithi huwa kuna episode mbili tatu ambazo Sidi hupika na mimi hulala. Hayo tunawasamehe.

Turudi kazini.

Plasta ikatoka, nikarudi kwa Charo nikiwa mtu mwingine. Charo ni fundi kweli, hasa wa drone, lakini anapenda mambo yaende. Slow motion, maua yanaanguka, wimbo juu, tumemaliza. Nikaanza kumwambia tusubiri, tutazame wanaosikiliza. Akaniambia nilipovunjika mguu huenda nilijigonga na kichwa pia.

Ndipo tukapata harusi ya Gongoni.

Bibi harusi tumwite Kadzo. Kanisa lao liko jirani kabisa na nyumbani kwao, katikati kuna ua wa makuti tu. Asubuhi nikaingia chumba cha kumvalisha. Wasichana wanacheka, kioo kimejaa nyuso. Akaingia mama mmoja wa makamo, mikono ina unga wa viungo, amejifunga leso kiunoni. Akanyoosha shela ya Kadzo kwa vidole viwili ili asiichafue, akarudi nyuma kuitazama, akatoka. Kadzo akamfuata kwa macho mpaka mlango ulipojifunga.

Nikamuuliza msimamizi wa bibi harusi yule ni nani. Akaniambia ni Shangazi Dama, dada ya baba. Baba yake Kadzo alifariki Kadzo akiwa nursery, mama yake akaenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, mtoto akabaki kwa shangazi. Mama alichelewa sana kurudi. Amerudi mwaka jana, binti ameshakuwa mtu mzima. Na kwa kuwa mama mzazi yupo, wazee wa familia waliamua kiti cha mbele ni chake. Shangazi hakubisha. Alisema yeye ataangalia sufuria.

Nikatoka pale nimeshampangia kila mtu nafasi yake. Mama mzazi, niliyemwona uani ana kitenge kipya na miwani, nikamweka kwenye upande wa wabaya. Kumbukeni hilo ni kichwani mwangu tu, mama wa watu hajanikosea kitu.

Ibada ikaanza. Charo ndani na kamera kubwa. Mimi na ya pili, kazi yangu ilikuwa kuchukua magari, mapambo, wageni wanaoingia, halafu nirudi kanisani kabla ya pete. Nikapita upande wa jikoni kuchukua moshi kidogo na masufuria.

Wamama walikuwa wanaongea, vifuniko vinalia. Spika ya kanisa iko juu ya paa, kwa hivyo sauti ya mchungaji ilikuwa inafika pale vizuri tu. Akaanza kuuliza. Kadzo, unakubali kumpokea huyu awe mumeo.

Shangazi Dama akainua mkono, wamama wote wakanyamaza.

Alikuwa amesimama mbele ya sufuria la pilau, mwiko mkononi, uso umeelekea kule kanisani, ingawa pale alipo haoni ila makuti. Sauti ya Kadzo ikatoka kwenye spika, ndogo, inatetemeka. Ndiyo, nakubali.

Shangazi akafumba macho. Akakaa hivyo. Kisha akafuta uso kwa pindo la leso, akainama, akafunika sufuria, akaanza kupalia makaa juu ya mfuniko, polepole, kama anayepanga mayai.

Sikusogea wala sikumvuta karibu. Nilishika kamera nikasubiri, kama nilivyoona Wakorea wakisubiri. Kwa kusubiri huko nikaikosa pete, na Charo baadaye alinisema njia nzima kurudi Malindi.

Kwenye editing ndiko tulikovutana haswa. Niliichukua ile sauti ya Kadzo anasema nakubali, nikaiweka juu ya uso wa shangazi. Mchungaji hayupo, bwana harusi hayupo. Jikoni tu.

Charo akakataa. Akasema watu wametuita tuwachukulie harusi, hawakutuita tuwapekue. Akasema mama mzazi ataonekana mbele ya ukoo kama aliyekalia kiti cha mwenziwe, familia itagawanyika, na lawama itakuja kwetu, jina letu liharibike kutoka Gongoni mpaka Kilifi. Mwisho akasema hii si Korea.

Wakuu, alikuwa na hoja. Ile ilikuwa nyumba ya watu wa kweli, na maisha ya watu wa kweli hayakomi kwenye episode ya mwisho. Tukakubaliana bibi harusi aone kwanza, aamue mwenyewe.

Kadzo akaja ofisini. Tukamwekea. Pale pa jikoni pakafika, pakapita. Charo akamwambia kwa upole kwamba tunaweza kuiondoa, ni kazi ya muda mfupi, tuna picha nzuri za mchungaji.

Kadzo akaniuliza mimi, "Hapo alikuwa ananisikia?"

Nikamwambia ndiyo, spika ilikuwa juu ya paa, kila neno lilifika.

"Siku ile nzima nilidhani hakunisikia," akasema. "Msiitoe."

Jumapili moja baada ya kanisa tukaalikwa Gongoni, familia nzima itazame pamoja. Nilikwenda kuwaunganishia TV. Charo akaja, lakini akakaa karibu na mlango, funguo za pikipiki mkononi.

Sebule ilijaa. Mama mzazi yuko kwenye kochi katikati, Kadzo na mumewe pembeni yake. Shangazi Dama yuko chini kwenye mkeka, anagawa mahamri. Watu wanajiona, wanacheka, huyu anasema amenenepa, yule anauliza kiatu kile ni cha nani.

Pakafika pale pa jikoni.

Sebule ikanyamaza kama jikoni siku ile. Shangazi mwenyewe alikuwa ameshika sahani, akabaki ameishika hewani. Ikapita. Mimi nilikuwa nahesabu nyaya za TV, sitaki kumwangalia mtu.

Mama mzazi akasema, "Nirudishie hapo."

Nikarudisha. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akatazama tena mpaka makaa ya mwisho. Kisha akageuka upande wa mkekani.

"Wifi, mbona hukuja hata mwishoni?"

"Wali ungeungua," Shangazi akajibu.

Mtu mmoja akacheka kidogo. Mama mzazi hakucheka. Akasema, "Mimi nilikaa pale mbele, kila anayekuja kunipa mkono wa hongera naona haya. Mikono ile ilikuwa yako."

Shangazi akasema yameisha hayo, harusi ilikuwa nzuri. Mama akamwambia apande kochini. Shangazi akasema miguu yake imezoea chini. Basi yule mama, na kitenge chake kizuri, akashuka kutoka kwenye kochi, akaketi mkekani, bega kwa bega na wifi yake. Akachukua sahani ya mahamri mkononi mwake, akaendelea kugawa yeye.

Hawakukumbatiana, wala hakuna aliyelia kwa sauti. Kadzo ndiye aliyekuwa anawatazama, na mimi sikuwa na kamera siku hiyo, na hata ningekuwa nayo nisingeiwasha.

Video ikaendelea. Drone ya Charo ikapaa juu ya Gongoni, mabwawa ya chumvi yakaonekana meupe mpaka baharini, watu wakapiga makofi. Charo akaweka funguo mfukoni, akaomba chai.

Nikiwa njiani kurudi nilikuwa namfikiria yule mama mzazi. Mimi nilimhukumu asubuhi moja kwa sababu ya miwani na kitenge. Miaka yake ya Arabuni, kulea watoto wa wengine huku wake analelewa na wifi, sikuwahi kuifikiria hata kidogo. Mwandishi mzuri asingefanya kosa hilo. Angempa japo nusu saa ya kumwonyesha anakula peke yake jikoni kwa watu.

Somo langu, wakuu, ni hilo. Tunawacheka wanaotazama drama za Kikorea kwamba wanapoteza muda. Mimi zimenifundisha kazi yangu kuliko kozi niliyosoma. Zimenifundisha kwamba jambo kubwa likitokea mbele, uzito wake mara nyingi uko kwa mtu aliyesimama pembeni, na ukitaka kumpata lazima utulie. Hata uandishi ni hivyo. Usiseme kila kitu, msomaji ana macho.

Charo bado hatazami. Anasema muda hana, ila juzi kwenye harusi ya Ngomeni nilimwona amegeuza kamera kwa bibi mmoja aliyekaa nyuma kabisa, akaiacha hapo kitambo.

Uwanja ni wenu sasa. Wapenzi wa Kikorea, nitajieni scene iliyowashika bila mtu kusema kitu. Wapinzani pia njooni, najua zile lori mtanitupia, nimejiandaa.

Na wewe uliyefunga harusi, kabla hujaandika comment, kaitazame video yako tena. Mtafute aliyekulea, uone kama yumo.