Kinyozi Anayeweka Linki ya Kobe Akiba

Saa kumi jioni, mteja amekaa kwenye kiti cha kunyolea na nusu tu ya kichwa imenyolewa, na kinyozi hata hamwangalii. Macho yako kwenye runinga ya ukutani, ambako mchezaji mmoja ameganda mguu hewani, na kimduara kinazunguka katikati ya tumbo lake.

"Bosi, mimi nina harusi," mteja anakumbusha.

"Harusi haianzi bila bwana harusi. Tulia."

Mtaani kinyozi huyu wanamwita Linki. Laptop yake kuukuu imeungwa na runinga kwa waya, na ndani amefungua tovuti tano za mpira wa bure. Hii inaganda. Ile inataka ujisajili. Nyingine ukijaribu kufunga tangazo moja, yanakuja matatu, na moja linapiga kelele kwamba umeshinda simu.

"Alama ya kufunga ya kweli ni ile ndogo, imejificha," anasema. "Ile kubwa nyekundu ni mtego. Mimi nimeshinda simu hadi nimechoka, sijaona hata chaja."

Leo mbele kabisa, kwenye kigoda, ameketi mama mmoja, fundi cherehani wa duka la jirani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Binti yake ni kipa wa akiba kwenye timu ya wanawake, nchi ya mbali. Hakuna chaneli inayoonyesha ligi hiyo. Tangu binti aondoke, mama hajawahi kumwona akicheza hata dakika moja.

Humu ndani kuna sheria moja: mechi ikianza, simu zote zinaingia kwenye beseni la taulo.

"Habari ya goli inafika kwenye simu kabla ya picha," Linki anaeleza. "Mtu akishaisoma, hata akinyamaza, uso unasema."

Kipindi cha pili, kipa wa kwanza anaumia. Binti anaingia. Mama anaikamata futi kwa mikono yote miwili. Haupiti muda, mwamuzi anaonyesha penalti. Mpigaji anaanza kukimbia.

Kimduara.

Duka zima linaguna. Bwana harusi anasimama na kitambaa chake shingoni. "Ndiyo basi tena?"

Linki hana papara. Anafungua dirisha alilolificha nyuma ya mengine, na humo penalti bado. Hata faulo yenyewe haijachezwa! Tovuti hii iko nyuma karibu dakika mbili, na yeye anaiita ya kobe. Watazamaji wengine wanaikimbia. Yeye anaifungua mapema, anaizima sauti, anaiacha itambae huko nyuma.

Hebu fikiria. Huko mbali jambo limeshaisha, watu wameshashangilia au wameshalia. Humu kwa kinyozi, bado halijatokea.

Faulo inachezwa. Mpira unawekwa. Mpigaji anakimbia kwa mara ya pili, na binti anajirusha kushoto. Vidole vinaugusa mpira, unagonga nguzo, unatoka nje.

Taulo zinaruka. Halafu picha inaganda tena, binti akiwa ndiyo kwanza ameinuka, tope shavuni, uso wake umejaa runinga nzima. Linki ananyoosha mkono kwenye laptop.

"Iache, baba," mama anasema.

Anasogea hadi kwenye kioo cha runinga. "Amekonda," anasema taratibu. "Lakini mwone alivyosimama." Mpira unaendelea huko kwao, na humu hakuna anayeudai.

Kesho yake Linki anaulizwa aliionaje ile penalti.

"Sikuiona," anajibu, akipuliza nywele kwenye mashine. "Nilikuwa nauchunga mtandao usikatike. Nilimwona mama tu." Mechi zote ziko hivyo kwake. "Natamani siku moja nitazame mpira mwanzo mwisho, mikono mfukoni, kama mtu mwingine yeyote."

Mama alilisikia hilo kutoka kwenye cherehani yake, maana ukuta wenyewe ni wa mbao. Jumamosi binti anaanza langoni. Kila akimaliza kushona, mama anakuja kujifunza laptop, miwani puani, kidole kimoja kikitafuta herufi. Linki ameshawaambia wateja wa Jumamosi waje asubuhi, kwa sababu jioni kiti cha kunyolea kina mwenyewe.

"Atakaa pale, atatazama," anasema mama. "Zamu hii nahangaika mimi."