Sanda ya Merikani

Mwenye dhamana ya kosa hili ni mkuu wa jumba la maonyesho huko Sur, Oman, aliyepitisha maneno ya ubao bila ya kumuuliza aliyeyasema. Si binti aliyeyatafsiri, wala si mama yangu, ambaye Kiswahili chake hakijapata kuhitaji kusahihishwa na mtu. Naliweka hili mwanzo ili msomaji asipate taabu ya kulitafuta njiani.

Maonyesho yenyewe yalihusu namna Marekani ilivyovuka bahari ikawa dola kubwa ya dunia, na namna ilivyofika kwenye pwani zetu. Watu wa jumba walikuja mjini kwetu Ibra kuwarekodi wazee waliozaliwa Unguja. Mama aliwapokea kwa kahawa na halua, akazungumza lugha yake ya Unguja mjini, ambayo wajukuu zake siku hizi huijibu kwa Kiarabu. Alipoulizwa aliwajuaje Wamarekani, alijibu kwa kile alichokijua: "Baba yangu kazikwa kwa merikani, hakuzikwa kwa bafta."

Kwa asiyejua, merikani ni nguo. Ni ile pamba nzito isiyopaushwa, iliyoletwa na meli za Wamarekani zamani za mababu zetu. Walishusha majora, wakapakia pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Bafta ni nguo nyeupe, laini, na ndiyo iliyokuwa sanda ya watu wenye nafasi. Babu yangu alikuwa na nafasi. Mwenye shamba la mikarafuu hakukosa bafta. Lakini aliusia: "Wazee wangu waliwavisha watumwa wao merikani. Na mimi nivisheni hiyo hiyo." Mama alikuwa msichana, akayasikia kwa masikio yake, na siku ya pili akaiona nguo ikikatwa.

Nilimpeleka mama Sur kwa gari, amevaa buibui lake jipya, kwa sababu aliambiwa maneno yake yametundikwa ukutani. Macho yake hayasomi tena. Nikasimama mbele ya ubao nikamgeuzia yale ya Kiarabu neno kwa neno: "Baba yangu alizikwa kwa Wamarekani, hakuzikwa kwa Bafta." Chini yake palikuwa na maelezo kwa herufi ndogo, kwamba Bafta huenda ni kabila lililopata kuishi Unguja.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Sasa baba yangu kaswaliwa na nani?"

Huo ubao ulimwondolea marehemu sala yake na jamaa zake, ukamlaza mikononi mwa wageni. Zaidi ya hayo ulimwondolea wasia wake, tendo pekee ambalo mama hulitaja kila anapomwombea.

Mfasiri aliitwa. Ni binti ambaye wazee wake walirudi Oman kutoka Bujumbura, mwenye adabu, na alianza kwa shikamoo kabla hajajua ameitiwa nini.

"Marahaba, mwanangu. Merikani ni nini?"

"Ni nchi, bibi. Nguo sijapata kuisikia kwetu."

"Na bafta?"

"Nilidhani ni kabila, bibi."

Mama alicheka mpaka akashika bakora yake kwa mikono miwili. "Basi umetuzalia kabila zima, mwanangu, na sisi hata pilau la harusi hatukula."

Binti hakucheka. Alisema kwamba maneno yale mawili yalimtia shaka, akayawekea alama ya kuuliza na kuomba familia ipigiwe simu. Alama iliondolewa. Aliyeiondoa ni mkuu wa jumba, naye alipokuja hakukanusha. Tulizungumza kwa Kiarabu na kwa upole.

"Ya ustadh," aliniambia, "ubao huu ndio unaopigwa picha kuliko zote. Watu wanapenda kuona udugu wetu wa kale na Wamarekani."

"Udugu gani? Anayetajwa hapa ni maiti wa Kiislamu."

"Tutautazama msimu ukimalizika."

Niliitumikia serikali kwa kazi moja tu, kusahihisha majina katika hati za watu. Najua herufi moja ikipotea mtoto anaweza kukosa urithi. Najua pia kwamba "tutautazama" ni neno la ofisini, na maana yake ni hapana.

Nilipoingia kwenye sabla yetu ya Ibra, baraza la wanaume, habari ilikwishafika. "Mpisheni mjukuu wa balozi," alisema rafiki yangu mmoja, mstaafu kama mimi. "Babu yako walimpigia mizinga au tarumbeta?" Mwengine akadakia: "Mwacheni jamani, leo kabila la Bafta lina msiba." Nilicheka nao. Kisha nikafikiri kwamba sisi tunacheka kwa sababu tunalijua neno. Watakaotufuata hawatalijua. Watausoma ubao na kuuamini.

Hilo ndilo lililonikalisha macho katika uzee wangu. Nilipoanza kazi, Marekani ilikuwa tayari ni ndege juu ya vichwa vyetu, manowari katika upeo wa macho na sarafu ambayo riyali yetu imefungamanishwa nayo. Kwa mama yangu ilikuwa kwanza ni kitambaa kinachokwaruza shingo. Pamba yake ilichumwa kwao na watumwa, ikafumwa, ikavuka bahari, ikavishwa watumwa wetu, nasi tukaiita kwa jina la ilikotoka. Historia nzima ya dola ile na fedheha yetu sisi wenyewe ilikuwamo katika neno moja la nyumbani. Nadhani dola hufikia ukubwa wake wa kweli pale jina lake linapozimeza maana zake ndogo, hata mtu akitaja sanda asikike anataja serikali.

Baada ya safari ile mama alisema naye anataka sanda ya merikani. Nilikwenda mpaka sokoni Nizwa. Muuza nguo alinitazama kwa huruma. "Ya Marekani hakuna, haji. Nguo zote hizi za China."

Nilimweleza mama. "Nunua hiyo ya China," alisema. "Wataandika nimezikwa na Wachina." Aliyoyasema baada ya hapo hayakuwa mzaha. "Ubao ule uondoke mimi ni hai. Sitaki kukutana na baba nikiwa nimemwacha ukutani namna ile."

Kwa hiyo nadai yafuatayo kwa mkuu wa jumba, ambaye jina langu kamili analo. Ubao uondolewe sasa, si msimu ukimalizika. Maneno ya mama yarudishwe kama alivyoyatamka, na ielezwe kwamba merikani ni nguo, na ni nani waliovishwa. Binti asibebeshwe kosa ambalo alilitilia shaka peke yake. Na mkuu mwenyewe, si mjumbe wake, aje Ibra akae mbele ya mama yangu, amweleze kwa nini aliifuta ile alama ya kuuliza. Mama hupokea wageni baada ya sala ya alasiri, na ana haki ya kujibiwa akiwa hai.