Mashine Iliyokula Magunzi

Mume wangu alikuwa na mashine ya kusaga hapa Itaka, ya dizeli, aliyoachiwa na baba yake. Dizeli ilipozidi kupanda tukawa tunaiwasha siku za gulio tu. Ndipo fundi mmoja wa Tunduma alipomwambia kwamba magunzi ya mahindi yanaweza kuendesha injini: yanachomwa kwenye pipa la chuma lenye hewa kidogo, moshi wake unachujwa, unaingia kwenye injini na kuwaka pamoja na dizeli kidogo tu.

Sikuamini. Kwetu magunzi ni ya kupikia. Lakini baada ya mavuno mtambo ulifungwa nyuma ya banda la mashine, na siku injini iliponguruma mume wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya ndoa yetu.

"Mama watoto, umeona? Takataka za shamba zinasaga!"

Kiangazi kile tulisaga na kukoboa bila kupumzika. Watu walikuja na mahindi pamoja na viroba vya magunzi. Mume wangu akaanza kusema kwamba hata maganda ya kahawa tutayatumia, na mimi, niliyekuwa nabisha, nikaanza kupanga naye.

Mvua zikaja. Magunzi yakalowa, moshi ukawa mzito, injini ikajaa utomvu mweusi unaonata. Asubuhi mume wangu anafungua, anakwangua, anafunga. Jioni imeziba tena. Fundi alikuja mara moja, akasema chujio ni dogo. Baadaye tukasikia amevuka kwenda Zambia, na simu yake haikupatikana tena.

Magunzi yenyewe yakawa hayaji. Jirani yangu aliniambia bila ubaya wowote, "Dada, nikikupa haya nitapikia nini? Kuni hakuna, mkaa siuwezi."

Mimi mwenyewe nilikuwa napikia mabua, maana magunzi yetu yote yaliishia kwenye lile pipa.

Kisha kikohozi kikamshika mume wangu. Hospitali walimwambia mapafu yameharibika, aachane kabisa na moshi. Aliitikia vizuri, akashukuru. Kesho yake nikamkuta bandani ameinamia injini iliyo wazi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

"Nikiiacha leo itakufa."

"Imeshakufa, baba watoto."

Alikaa chini kwenye vumbi la unga akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba yake. Nilisimama tu pale, sikujua nimguse au nimwache.

Siku hizi kuna mashine ya umeme kule barabarani. Umeme ukikatika watu wanakaa na ndoo zao wanasubiri urudi. Hakuna anayekumbuka kupita kwetu. Mabati ya banda tumeyaezua tukaezekea jiko. Injini tulijaribu kuiuza, wanunuzi wakachungulia ndani wakaondoka. Na mume wangu hawezi tena kuinua debe la mahindi. Akitoka kitandani hadi mlangoni, anapumzika njiani.

Wiki iliyopita nilipeleka mahindi yetu kwa wale wa umeme. Niliporudi alitia mkono kwenye ndoo, akausugua unga kati ya vidole.

"Umetoka laini," akasema.

"Ndiyo."

Akajifuta mkono kwenye shuka, akageukia ukutani.